Umma au binafsi, na vyote vipo jiji moja: maswali yenu kuhusu vyuo vikuu

Msimu wa udahili ukifika, barua za wasomaji huuliza jambo moja kwa sura nyingi: nimepata vyuo viwili, kimoja cha umma na kingine binafsi, vyote viko jiji hilihili, niende wapi? Tumechagua barua nane. Zilizofanana tumeziunganisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Swali: Nimechaguliwa kusoma uhasibu katika chuo kikuu cha umma na pia katika chuo binafsi, na kutoka kimoja hadi kingine ni vituo vichache tu vya basi. Nyumbani hatuelewani. Baba anasema chuo ni cha umma, mjomba anasema binafsi ndiko wanakofundisha. Nianzie wapi?

Mdogo wetu, anza kwa kufuta vinavyofanana. Jiji ni moja, kwa hiyo kodi ya chumba, chakula, nauli na hata waajiri watakaokusaili ni walewale. Wahadhiri nao mara nyingi ni walewale: aliyeajiriwa chuo cha umma asubuhi, jioni unamkuta chuo binafsi kwa mkataba wa saa. Ukishafuta hivyo, yanabaki mambo matatu. Shahada hiyo inatambuliwa na nani? Humo ndani wanafundishaje? Utamaliza lini, na kwa gharama gani mpaka siku ya mwisho? Baba na mjomba wanabishania majina ya vyuo, ilhali wewe unakwenda kusoma kozi moja ndani ya idara moja.

Wala hakuna kanuni ya dunia nzima hapa. Brazil vyuo vikuu vya serikali ya shirikisho havitozi ada, na ushindani wa kuingia ni mkali mno. Korea Kusini na Japani wanafunzi wengi zaidi wako vyuo binafsi. Jiji la Los Angeles lina UCLA ya umma na USC ya binafsi, zote zinaheshimika.

Ukishatulia, kagua ithibati katika ngazi tatu, kwa mpangilio huu. Kwanza chuo chenyewe: kimo katika orodha ya sasa ya mamlaka inayosimamia vyuo vikuu? Pili kozi: imeidhinishwa, kwa kampasi ipi, na kibali kinaisha mwaka gani? Hapa ndipo watu wengi huumia. Chuo kina ithibati kamili, lakini kozi mpya bado iko kwenye maombi, au kozi imeidhinishwa kampasi kuu ilhali wewe umepangiwa tawi la mjini ambalo halimo kwenye kibali. Kama kibali kinaisha ukiwa mwaka wa pili, uliza kwa maandishi maombi ya kukihuisha yamefikia wapi.

Ngazi ya tatu ni bodi ya taaluma, na kwa uhasibu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Chama cha kimataifa cha wahasibu, ACCA, kwa mfano, kinaweza kumsamehe mwenye shahada mitihani isiyozidi 9, lakini msamaha huo hutegemea kozi uliyosoma na mwaka uliohitimu, na unaulipia. Vyuo viwili vya jiji moja vinaweza kutofautiana sana hapo, kimoja mitihani 9 na kingine 4. Tafuta kila kozi kwenye orodha ya misamaha ya bodi unayoilenga, kwa jina la shahada kama litakavyochapwa kwenye cheti. Shahada ya biashara yenye masomo ya uhasibu ndani yake si lazima ihesabiwe sawa na shahada ya uhasibu, hata kama ofisa wa udahili atakuapia.

Swali: Ada ya chuo binafsi alichopata binti yangu ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya umma. Wao wanadai mwishoni gharama hukaribiana. Wananidanganya?

Inawezekana wanasema kweli, mama, lakini usikubali mpaka uone hesabu. Tuchukue ada ya chuo cha umma kwa mwaka kuwa 100, na kila kitu kingine tukipime kwa kipimo hicho.

Umma: ada 100, michango mingine 20, maisha (chumba, chakula, nauli) 90. Jumla 210 kwa mwaka, na kwa miaka 4 ni 840.

Binafsi: ada 160, michango 40, maisha yaleyale 90. Jumla 290 kwa mwaka. Kama chuo hicho kinaendesha mihula mitatu kwa mwaka, mwanafunzi akamaliza kwa miaka 3, jumla ni 870. Tofauti imebaki 30 tu. Chuo cha umma kikichelewesha mahafali kwa nusu mwaka, na mwanafunzi akaendelea kulipa chumba na chakula (45) na nusu ya michango (10), umma unafika 895 na umeshapita. Bado hujahesabu mshahara wa mwaka ambao mwenzake ameshaanza kazi.

Sasa geuza upande wa pili. Binafsi wakipandisha ada kwa asilimia 8 kila mwaka, ile 480 ya miaka mitatu inakuwa kama 519, na jumla inafika 909. Na kama kozi yao nayo ni ya miaka 4, unazungumzia 1,160 hata bila ada kupanda, yaani hapana mashindano tena. Kwa hiyo maneno yao yanasimama juu ya vitu viwili: binti amalize kwa miaka 3 kweli, na ada isipande. Omba kuona kalenda za miaka mitatu iliyopita pamoja na tarehe halisi za mahafali. Kisha soma barua ya udahili utafute sentensi inayosema ada inaweza kubadilishwa bila taarifa. Ikiwamo, weka ongezeko kwenye hesabu yako tangu leo.

Mtego mwingine ni neno "kwa muhula". Tangazo linasema ada ni 80 kwa muhula, mzazi anazidisha kwa mbili kwa mazoea, kumbe mwaka wao una mihula mitatu na ada ni 240.

Ile "michango" nayo idai orodha kamili: usajili, mitihani, kitambulisho, bima, maabara, umoja wa wanafunzi, usimamizi wa fildi, usahihishaji wa tasnifu, joho na mahafali. Uliza pia bei ya kusapu somo moja, yaani kurudia mtihani wake tu, na bei ya kurudia somo zima. Baadhi ya vyuo hutoza ada kwa kila somo, na mwanafunzi aliyekeri masomo matatu, yaani aliyeyafeli akayabeba hadi mwaka unaofuata, hujikuta analipa kama nusu muhula. Uliza vilevile ratiba ya malipo, maana vyuo vingi humzuia mwenye deni kuingia chumba cha mtihani, na kukosa mtihani kwa ajili ya salio dogo humsogeza mwanafunzi mwaka mzima.

Kama ameahidiwa ufadhili wa chuo, angalia unadumu kwa masharti gani. Punguzo la nusu ya ada linalotaka wastani wa alama za juu kila muhula, wengi hulipoteza mwaka wa kwanza, pale masomo ya msingi yanapokuwa magumu. Fanya bajeti ukidhani punguzo limeondoka. Ukiweza kumalizia hapo, karibu. Na kama ni mkopo wa elimu, uliza unalipa ada yote ya binafsi au unaishia kwenye kikomo fulani.

Swali: Nikienda kutembelea vyuo hivyo niangalie nini hasa? Siku ya wazi kila kitu kinang'aa.

Ndiyo maana usiende siku ya wazi. Kuwa na vyuo vyote jiji moja kunakupa nafasi ambayo mwenye kuchagua vyuo vya mbali hana: unaweza kwenda kimoja Jumanne na kingine Jumatano, wiki ya tano au ya sita ya muhula. Wiki ya kwanza darasa limejaa kwa sababu kila mtu amekuja kujionyesha, na wiki ya mwisho wote wako kwenye mitihani.

Fika saa mbili kamili asubuhi, simama karibu na ukumbi wa mihadhara wa idara yako. Mhadhiri ameingia saa ngapi? Viti vinatosha, au kuna waliokaa ngazini na wengine madirishani? Sauti inafika nyuma? Kisha nenda kwenye ubao wa matangazo. Ubao husema mengi kuliko prospektasi: ratiba iliyofutwa kwa kalamu mara tatu, madarasa mawili kupangiwa chumba kimoja saa ileile, matokeo ya muhula uliopita kubandikwa muhula huu ukiwa katikati.

Kwa kozi za sayansi, uhandisi na afya, omba kuingia maabara. Usihesabu vifaa vilivyoko kabatini. Hesabu vilivyoko mezani, kisha uliza kundi moja la vitendo lina wanafunzi wangapi. Hadubini moja kwa wanafunzi wawili au watatu ni kazi. Hadubini moja kwa kumi maana yake mmoja anarekebisha lenzi, wengine tisa wananakili mchoro wake. Mashine kubwa huwa na daftari la matumizi lililofungwa kwa kamba pembeni. Lifungue uone tarehe ya mwisho kuandikwa. Mashine ya bei kubwa ambayo daftari lake limekoma miaka miwili nyuma ni pambo. Soma pia tarehe za kuisha muda kwenye chupa za kemikali zilizo mbele. Za nyuma hawatakuonyesha.

Maktaba ni haraka. Chukua mpango wa somo moja, tafuta vitabu vitano vinavyohitajika, uone nakala ngapi zipo kwa wanafunzi wangapi. Kisha keti kwenye kompyuta ya maktaba ujaribu kufungua makala nzima ya jarida la kitaaluma. Ikiishia muhtasari na ombi la malipo, usajili umekwisha.

Kuhusu walimu, omba orodha ya idara yenye shahada ya juu ya kila mmoja na aina ya ajira yake. Wa mkataba wa saa anaweza kufundisha vizuri mno, ila hana ofisi hapo, na kipindi kikiisha anakimbilia kingine upande wa pili wa jiji. Tatizo lake utalihisi mwaka wa mwisho, unapotafuta wa kusoma tasnifu yako. Uliza msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi wa tasnifu. Sita hadi wanane wanasomwa. Wakifika ishirini na tano, wanasainiwa tu.

Mwisho zungumza na wa mwaka wa tatu. Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya kuchaguliwa. Waulize mambo yenye jibu la namba: mlianza wangapi, sasa mko wangapi? Matokeo hutoka wiki ngapi baada ya mtihani? Muhula uliopita alama za nani zilipotea, na zilichukua muda gani kupatikana? Darasa likipungua sana, uliza kwa nini. Kwenye chuo cha umma jibu la kawaida ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kwenye binafsi ni ada, na hayo ni maradhi mawili tofauti.

Tukilazimika kutoa maoni ya jumla, chuo cha umma mara nyingi hushinda kwa wingi wa wahadhiri wenye uzamivu na kwa maabara za sayansi asilia, binafsi kwa ukubwa wa madarasa na kwa kushika kalenda. Lakini maoni ya jumla ni ya mtu asiyeweza kupanda basi akaangalie.

Swali: Chuo cha umma kipo kwenye orodha ya vyuo bora duniani, binafsi hakipo. Hilo si limemaliza mjadala?

Halijamaliza. Orodha hizo hupima chuo kizima, na uzito mkubwa huenda kwenye utafiti na sifa. Orodha ya QS, kwa mfano, hutoa alama 30 kati ya 100 kwa maoni ya wanataaluma na 20 kwa idadi ya mara tafiti zinavyonukuliwa. Idadi ya wanafunzi kwa mhadhiri mmoja ina 10. Kozi yako ya shahada ya kwanza inaweza kuwa katika idara dhaifu ya chuo kikubwa.

Kuhusu mishahara, wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha mwaka 2002 utafiti uliolinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vinavyofanana, kisha wengine wakaenda vyuo vyenye ushindani mkubwa na wengine visivyo na ushindani huo. Kipato chao baadaye kilikaribiana, isipokuwa waliotoka familia zenye kipato cha chini, ambao walinufaika na vyuo vya ushindani. Utafiti huo haukuhusu umma na binafsi, ila unagusa hofu yako: uwezo unaokwenda nao chuoni una sehemu kubwa.

Swali: Ninaogopa migomo ya umma. Rafiki yangu anaogopa binafsi kufungwa. Nani ana hofu ya maana?

Wote wawili, ila hofu zenu zinakaguliwa kwa njia tofauti. Mgomo wa wahadhiri humla mwanafunzi muda: wiki sita za mgomo hulipwa kwa kubana mihadhara, na mtihani hufanyika kabla mada mbili za mwisho hazijafundishwa. Chukua tarehe za kufungua na kufunga mihula kwa miaka mitano, zile zilizotokea kweli. Ucheleweshaji wa mara moja ni bahati mbaya. Kama umetokea miaka mitatu kati ya mitano, ndiyo kalenda yenyewe, na uiweke kwenye hesabu ya gharama.

Kufungwa kwa chuo ni nadra zaidi, lakini pigo lake ni kubwa. Marekani, kampuni ya Corinthian Colleges ilifunga kampasi zake za mwisho ghafla Aprili 2015, na ITT, kampuni nyingine ya vyuo, ikafuata Septemba 2016. Maelfu ya wanafunzi walikutwa katikati ya masomo. Angalia mmiliki ni nani na chuo kinaishi kwa nini. Chuo cha taasisi isiyogawana faida chenye majengo yake ni tofauti na kampuni iliyopanga ghorofa mbili mjini na inayotegemea ada ya muhula huu kulipa mishahara ya muhula huu. Mishahara ikichelewa, wahadhiri husema. Waulize kwa upole. Dalili nyingine ni kozi kufutwa kimyakimya, mkuu wa chuo kubadilishwa kila mwaka, na punguzo kubwa la ada kwa anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo.

Ukienda binafsi, chukua nakala rasmi ya matokeo yenye muhuri kila mwisho wa mwaka, hata kama huihitaji. Chuo kikishafungwa, kumpata mwenye funguo za kumbukumbu ni safari.

Swali: Nikianza binafsi mwaka mmoja kisha nihamie umma, masomo yatahesabiwa?

Baadhi. Anayekupokea ndiye anayeamua, somo kwa somo, na huangalia mada zilizofundishwa, saa na alama uliyopata. Somo ulilofaulu kwa kusukumwa mlangoni kwa kawaida halihamishwi. Vyuo vingi pia hutaka sehemu kubwa ya shahada, mara nyingi nusu au zaidi, isomwe kwao, kwa hiyo kuhama baada ya mwaka wa pili ni kujitafutia hasara.

Usilinganishe namba za krediti bila kujua mfumo. Mfumo wa Ulaya wa ECTS una krediti 60 kwa mwaka, na kila moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Uingereza mwaka una 120. Vyuo vya Marekani kwa kawaida vina 120 kwa shahada nzima. Krediti 15 za Uingereza ni sawa na 7.5 tu za ECTS. Badili kuwa saa ndipo ulinganishe.

Kabla hujalipa binafsi, nenda ofisi ya udahili ya umma na mipango ya masomo ya mwaka wa kwanza mkononi, uulize yapi wangeyakubali, na uombe jibu kwa barua pepe. Hifadhi mipango hiyo muda wote. Jina la somo peke yake halimsaidii mkuu wa idara, anataka kuona wiki ya tatu ulisoma nini.

Swali: Nataka uuguzi. Chuo binafsi hakina hospitali yake.

Si kasoro ikiwa wana mkataba na hospitali yenye wagonjwa wa kutosha. Uliza mkataba unaisha lini, unatoa nafasi ngapi kwa zamu, na nani anakusimamia wodini: mwalimu wa chuo au muuguzi wa zamu mwenye kazi zake. Kwa kuwa mko jiji moja, huenda vyuo vyote viwili vinapeleka wanafunzi hospitali ileile, na mnakutana makundi mawili kwenye kitanda kimoja. Hapo mara nyingi wenye hospitali yao hupewa kipaumbele, na wageni hubaki kupima presha. Mwombe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akuonyeshe daftari lake la vitendo. Bodi ya uuguzi huweka idadi ya chini ya vitendo, kama kuzalisha au kuweka katheta. Ukiona alivyoviona kwa macho ni vingi kuliko alivyovifanya kwa mikono, atamaliza darasa na bado atakuwa anadaiwa vitendo.

Swali: Nimebakiwa na wiki moja. Nithibitishe vyote viwili kwanza?

Kama mfumo wa udahili ni wa pamoja, usithubutu. Kuthibitisha sehemu mbili kunaweza kukufutia zote. Kama kila chuo kinadahili kivyake, soma kanuni ya kurejesha fedha kabla ya kulipa amana. Huwa ina ngazi: kabla ya tarehe fulani unarejeshewa sehemu kubwa, baada ya wiki ya pili ya muhula nusu, baadaye hakuna kitu, na fedha ya usajili kwa kawaida hairudi kamwe. Lipa benki kwenye akaunti yenye jina la chuo, usilipe kwa simu ya ofisa, na uhifadhi risiti.

Ukiamua, andikia barua chuo unachokiacha siku hiyohiyo na utunze uthibitisho kwamba imepokelewa. Vyuo vingine humhesabu asiyejitoa kuwa mwanafunzi asiyelipa, na miaka minne baadaye deni lenye jina lako linaibuka wakati unaomba mkopo au usajili mwingine.